Dirisha Lililopinduka Ukutani

Mwaka wa tano wa sekondari, darasa letu liligombana juu ya mishale. Mwalimu wa fizikia, kijana wa Punia aliyesomea Kisangani, alikuwa akichora ubaoni mstari mrefu wa kulala, katikati yake anaweka lenzi yenye umbo la punje ya mchele, na upande wa kushoto anasimamisha mshale. Mshale huo ulikuwa kitu: mtu, mshumaa, mti, chochote. Kutoka kwenye ncha yake alitoa mionzi miwili, mmoja ukipinda ndani ya lenzi, mwingine ukipita katikati bila kupinda. Ilipokutana upande wa pili alichora mshale mwingine, kichwa chini. Hiyo ndiyo taswira. Tulichora mishale tangu mvua zilipoanza, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika lenzi.

Kabati la vifaa lilikuwepo nyuma ya darasa, limefungwa kwa kufuli kubwa. Siku lilipofunguliwa tulikuta ndani mzani wa sahani moja na kufuli nyingine, ya akiba.

Kuna waliopenda somo lile. Msichana aliyekaa mbele, mwenye rula ya chuma, alichora mionzi safi kiasi kwamba mwalimu aliinua kazi yake watu waione. Kwake optiki ilikuwa kama kudarizi. Wengine waliichukia waziwazi, na aliyeichukia kuliko wote alikuwa jirani yangu wa benchi, mtoto wa wachimbaji wa Pangi, mwenye mikono mipana na sauti ambayo haikujua kunong'ona.

"Kwetu muntu anachimba kitu inaonekana," aliniambia. "Hapa tunachimba mishale."

Siku tulipofika kwenye taswira isiyo halisi, ile inayochorwa kwa vitone, alisimama, akamwita "raia" kwa Kifaransa kama enzi ile ilivyotaka.

"Citoyen professeur, hii image iko wapi?"

"Haiko."

"Haiko, na tunaipima?"

"Tunaipima kwa kanuni."

"Kama daraja ya Lualaba," mtu akasema kutoka nyuma, na darasa zima likacheka, maana daraja lile tuliahidiwa katika kila mkutano wa chama na mto bado tulikuwa tunauvuka kwa mtumbwi. Mwalimu hakucheka. Alitupa jicho juu ya ubao, kwenye picha ya Kiongozi iliyotundikwa katika kila darasa la Zaire, kofia ya chui kichwani na miwani ya fremu nene nyeusi, kisha akafuta vitone vyote na kuvichora upya.

Mimi nilikuwa katikati. Hesabu zake zilinichosha, hasa zile alama za kujumlisha na kutoa ambazo zilibadilika kufuatana na upande gani wa lenzi umesimama. Lakini nilipenda mionzi kwa sababu ilikuwa inakwenda. Ule wa katikati hasa: unaingia kwenye lenzi, unatoka, hauulizi kitu. Wenzangu waliukata ulipofika kwenye taswira. Mimi niliuendeleza mpaka mwisho wa ukurasa, kisha juu ya mbao ya benchi, mpaka ukingoni.

"Citoyen, unakwenda wapi?" mwalimu aliniuliza siku moja, amesimama nyuma yangu.

Niliondoa mkono kwenye mbao. Kutoka stesheni filimbi ya treni ilikuwa inapigwa, na treni zote zilizopigwa filimbi Kindu zilikwenda upande mmoja tu, kusini, kwa sababu reli ilikuwa imekoma hapo kwetu. Nilikuwa na umri wa kutaka kuondoka na sikuwa na pa kwenda. Usiku nilikuwa nageuka kitandani kama mtu anayelala kwenye kokoto.

Baba yangu alifanya kazi kwenye reli ile. Aliletwa kutoka Kasai kabla sijazaliwa, na tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi, nyumba ya matofali mekundu, vyumba viwili na ukumbi wa mbele ambapo mama alikausha mihogo. Kazi yake ilikuwa kupokea mabehewa: anasimama kwenye njia, anaangalia namba iliyoandikwa ubavuni mwa behewa, kisha ofisini analinganisha na karatasi za mzigo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye suti ya kola ya kufunga shingo iliyopigwa pasi kila siku, na alivaa miwani ya fremu nene nyeusi.

Miwani ile ilimpa heshima. Vijana wa stesheni walimwita mukubwa. Namba za mabehewa alizitazama kwa kuinamisha kichwa kidogo na kupitisha macho juu ya fremu, kama mtu anayemkagua mwenzake. Karatasi hakuzigusa. Alimpa karani mdogo na kusema, "Soma kwa sauti," naye akalinganisha kichwani alichosikia na namba alizoziona njiani. Watu waliona ndivyo mkubwa anavyofanya: mkubwa hasomi, anasomewa. Hata mimi niliona hivyo.

Kisha habari ikaja kutoka kusini kwamba daktari wa reli anapanda na treni yake, stesheni kwa stesheni, kupima macho ya wafanyakazi wote. Atakayeshindwa atapumzishwa kazi. Anayepumzishwa anaacha nyumba ya kambi, anapewa behewa moja la kubebea vitu vyake na watoto wake, na anarudishwa kwao.

Mama alipunguza mihogo aliyokuwa anaanika, kama mtu asiyejua kama atakuwepo itakapokauka.

Mimi nilisikia neno moja tu: behewa. Nilijiona nimekaa mlangoni, miguu inaning'inia, Kongolo inapita, Kabalo inapita, halafu miji ambayo niliijua kwa namba za mabehewa tu. Sikumwambia mtu. Nilimpenda baba yangu, na nilitaka ile safari. Vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kusalimiana.

Katika wiki hizo mwalimu wetu alichoka na ubao. Alituomba tulete lenzi yoyote kutoka nyumbani: kioo cha tochi, kitako cha chupa, miwani ya babu. Nikamwomba baba miwani yake. Nilidhani atakataa. Akaivua palepale na kuifuta kwa kitambaa.

"Mwambie professeur, ni lineti ya kweli. Ya Ulaya. Usiivunje."

Darasani tulifunga madirisha yote ila moja. Mwalimu alichukua kioo kimoja kinene cha msichana yule wa mbele, cha marehemu bibi yake, akakishika karibu na ukuta, akakirudisha nyuma polepole. Kwanza ukutani kulikuwa na doa jeupe. Doa likakusanyika. Halafu dirisha likatokea, dogo kama stempu, limepinduka, na nje ya dirisha mlingoti wa bendera ukiwa umeelekea chini, na mtu akipita uani miguu juu.

Kisha jirani yangu, adui wa mishale, akapiga meza kwa kiganja.

"Njo ile! Njo mshale ule!" Alikimbia mpaka ukutani akagusa dirisha kwa kidole. "Nilifikiri unatudanganya, kumbe kweli!"

Msichana mwenye rula alitazama kwa muda. "Njo hii tu?" akauliza. Alikuwa amechora taswira kubwa zaidi na safi zaidi. Sijui kama alimsamehe mwalimu kwa siku ile.

Zamu ya miwani ya baba ilipofika, mwalimu aliisogeza mbele, akairudisha, akaisogeza tena. Ukutani hakukuja kitu, ila kivuli cha fremu.

"Hii haikusanyi mwanga, inautawanya," alisema. "Ni ya muntu asiyeona mbali. Baba yako haoni mbali?"

Nilicheka kabla sijafikiri. Baba alikuwa akitambua mtumbwi wa nani unavuka kutoka ng'ambo ya pili ya Lualaba. "Anaona mpaka kule," nikasema.

"Na karibu?"

Nikamkumbuka karani mdogo akimsomea kwa sauti. Nikaona vitu vingi kwa mara moja, mezani kwetu, ukumbini, na mkono wa baba ukisukuma mbali kitu chochote chenye maandishi.

"Huyu daktari wa reli anakuja," nilimwambia mwalimu.

Darasa lilikuwa limeanza kucheka miwani ya mukubwa isiyosomesha, lakini watoto wa kambi walikuwa wengi mle ndani, na kicheko kikafa chenyewe. Mwalimu alinipa mita yake ya mbao. "Kampime. Umbali anaposoma sasa, na umbali anapotakiwa kusoma. Halafu ufanye hesabu. Weye mwenyewe."

Nilimpima baba nyuma ya nyumba, mchana wa jua, kwa gazeti kuukuu. Bila miwani, alilishika kwa urefu wote wa mkono, shingo nyuma. Niliweka mita kwenye shavu lake.

"Unanipima sanduku ya kuzikiwa?" aliuliza.

"Usicheze na maneno hayo," mama akasema kutoka jikoni.

"Si mutoto wako njo ananipima?"

Sentimita sabini. Kitabu hushikwa kwenye thelathini. Nikachukua kipande cha mkaa, na kwenye ukuta wa nyuma nikaandika kanuni ambayo mwezi mzima niliiona kama adhabu. Jibu likaja: lenzi ya kutawanya, nguvu mbili. Nikafurahi mpaka nilipogundua kwamba hiyo ilikuwa ya aina ileile aliyokuwa nayo usoni. Nilikuwa nimesahau kwamba taswira anayoiona mtu kwenye miwani ya kusomea haipo upande wa pili. Iko upande huohuo wa kitu, ile ya vitone, ile isiyokuwepo. Inaingia na alama ya kutoa, sawa na kitu chenyewe, nami nilikuwa nimeziacha zote mbili. Nikafuta, nikaanza upya. Kukusanya, nguvu mbili. Lenzi itakayoleta dirisha ukutani kwenye nusu mita.

Siku ile ndipo nilipoacha kujiuliza taswira ile iko wapi.

Miwani yote ya Kindu, au karibu yote, ilitoka kwenye sanduku moja. Lilikuwa misheni, kwa mtawa mzee tuliyemwita masere. Wakristo wa Ulaya walikuwa wakituma huko miwani ya wazee wao, imechanganyika bila karatasi yoyote, naye akiigawa baada ya misa. Ilikuwa na utaratibu wake. Unachagua, unavaa, anakupa kitabu cha nyimbo, anakuambia usome. Kila mtu alisoma vizuri sana, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa sababu nyimbo zile tulizijua tangu tumboni. Masere alifurahi, Mungu alifurahi, na mtu alikwenda nyumbani na miwani ya kwanza aliyoipenda. Fremu nyeusi nene ziliisha zamani. Wote walitaka kufanana na picha ya Kiongozi.

Baba naye alikuwa ameimba hivyo.

Mwalimu alituongoza darasa zima misheni siku ya kazi za pamoja, Jumamosi, baada ya kufyeka majani barabarani, mapanga bado mikononi. Masere alipoelezwa alikaa kwenye kiti.

"Miaka yote hii?" aliuliza. "Walikuwa wanaimba?"

"Masere, hata mimi ninaweza kukusomea kitabu hicho nikiwa nimelala," jirani yangu akamjibu, na mwalimu akamkanyaga mguu.

Kwenye ukumbi wa parokia kulikuwa na ukuta mweupe na dirisha linalotazama mto. Tukapanga foleni. Kila mmoja alishika miwani, akaisogeza mbele ya ukuta, na mwenzake akapima. Mto ulipinduka ukutani mara nyingi siku ile, mitumbwi ikipita na mgongo juu, wavukaji wakining'inia kama popo. Jirani yangu hakutaka kumpa mtu zamu yake. Wengine walichoka haraka na kwenda kukaa nje. Walisema wamefyeka vya kutosha.

Miwani mingi haikuleta kitu. Mingine ilileta dirisha karibu mno, miwani ya watu waliobakiza kidogo kuwa vipofu. Ya nusu mita ilikuwa moja tu, na mimi ndiye niliyeishika.

Ilikuwa ya mwanamke. Fremu yake ilikuwa ya rangi ya divai, imeinuka pembeni kama mabawa ya mbayuwayu, na kwenye kila bawa vijiwe vya kung'aa, kimoja kimedondoka.

"Hii ya bibi ya ambassadeur," jirani yangu akasema.

Tulijaribu kuvihamisha vioo kwenye fremu nyeusi ya baba, niliyokuja nayo. Vilipita katikati na kuanguka mkononi mwangu. Vilikuwa vidogo mno. Nikasimama na ile miwani. Ukutani dirisha lilikuwa bado linatetemeka, dogo, kamili, na ndani yake mto unaokwenda zake. Niliwaza behewa. Niliona mlango wake ukiwa wazi. Ilitosha kusema haikupatikana, na hakuna ambaye angeniuliza. Kisha jirani yangu akaichukua, akaifunga kwenye shati lake, akanirudishia.

"Twende kwa mzee. Ninataka kuona sura yake."

Baba aliiangalia kama mtu aliyeletewa nyoka.

"Mimi? Nivae lineti ya mwanamuke mbele ya kazi nzima?"

"Papa, njo moja tu iliyopatikana."

"Basi haikupatikana."

Mama alikuja akipangusa mikono. "Vaa," alimwambia. "Tukitoka kwenye nyumba hii, utaenda kuwaonyesha watu wa Kasai uso wa mwanaume. Leo vaa."

Alivaa kwa hasira. Mbawa zile zilimfanya aonekane mwenye mshangao. Jirani yangu aligeuka kuangalia ukuta, mabega yanamtetemeka. Nilitafuta kitu ambacho baba hawezi kukijua kwa moyo, nikampa kopo la dagaa wa Ulaya. Akaligeuza. Akaanza na maandishi makubwa, akashuka kwenye madogo, akaenda mpaka kwenye yale ya chini kabisa yanayosema mafuta ni ya mmea gani. Hakuna aliyemwimbisha. Kisha akainua macho akamtazama mama, aliyekuwa amesimama karibu naye.

"Uko na alama hapa," akasema, akimwonyesha juu ya mdomo.

"Hiyo iko tangu mutoto wa kwanza."

Baba alirudi kwenye kopo akalisoma tena.

Daktari aliwapima kwenye baraza ya stesheni, hadharani, na nusu ya kambi ilikuja kutazama. Mbele ya baba alisimama rafiki yake, fundi wa swichi za njia, mwenye fremu nyeusi kama alivyokuwa baba zamani. Mwalimu alikuwa amemwita aje aone sanduku la miwani, na yeye akacheka: angevaa mabawa? Daktari alimpa karatasi yenye maandishi madogo. Fundi alikohoa. Aliileta karibu, akaisogeza mbali, na mwisho, sijui kwa nini, midomo yake ikaanza kusema maneno ya wimbo wa kanisani, polepole, kama vile daktari angeweza kupita hivyohivyo. Daktari alimwacha afike mwisho wa ubeti. Akaandika.

Baba akatoa miwani mfukoni na kuivaa.

"Mama mukubwa, bonjour!" mtu akapiga kelele.

"Jioni unapika nini, mama?"

"Mnyamazie, anakwenda arusi!"

Baba aliichukua karatasi na kusoma. Hakuharakisha. Alisoma maneno yote, kisha ile mistari midogo ya chini ambayo haikuwa ya mtihani, jina la mji ilikochapwa. Kelele zilipungua kadiri alivyosoma. Daktari alinyoosha mkono, akaivua miwani kutoka usoni mwake, akaitazama kwenye mwanga.

"Nani alikupa?"

"Mutoto yangu. Aliipima na dirisha."

Daktari hakuelewa, lakini aliandika, na baba akabaki kazini.

Familia ya fundi iliondoka na treni iliyofuata. Nilikwenda kuwasaidia kupakia: vitanda, sufuria, kuku wawili ndani ya kikapu. Fundi alivipokea kutoka ndani ya behewa. Mwanawe, wa umri wangu, alikaa mlangoni mwa behewa, miguu inaning'inia, analia. Nilimwonea huruma, na bado nilimwonea wivu. Sijapata jina la hisia hiyo mpaka leo. Nilitembea nyuma ya behewa lile mpaka kokoto za reli ziliponichubua miguu.

Optiki ikapita, tukaingia kwenye umeme, ambao nao hatukuuona. Jirani yangu alirudi Pangi kuchimba. Msichana mwenye rula akawa mwalimu, nimeambiwa. Mimi nimekaa katika miji mingi tangu hapo, na hakuna hata mmoja nilimotulia. Sasa nina umri alioanza nao baba kunyoosha mkono ili aone maandishi, na sokoni, nikifika kwa wauza miwani, sijaribu kwenye gazeti. Ninatafuta ukuta na dirisha. Wauzaji hukasirika.

Niliondoka Kindu baada ya mtihani wa taifa, kwa treni ileile, siku ambayo sikuwa na sababu nzuri ya kuondoka isipokuwa kwamba ilikuwa inakwenda. Baba alikuwa kazini. Alikuja kwenye behewa langu na karatasi zake mkononi, akazisoma mwenyewe, mabawa ya rangi ya divai usoni. Hakuna tena aliyemtania. Akasahihisha namba moja. Akanipa mkono kama anavyopewa abiria.

Treni ilipoanza kutembea nilikaa mlangoni. Baba alibaki kwenye njia. Nikamwona anainua mkono, nikadhani ananiaga. Kumbe aliivua ile miwani. Nilijua kwa nini, pengine kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale: lenzi ya nusu mita humpa mtu gazeti na uso wa mkewe, na humfunikia kwa ukungu kila kinachokwenda mbali. Aliishika kifuani, macho bila kioo, akanitazama mpaka treni ilipokata kona.